Tunalipia Ukuta Gani?

Soma matangazo ya keja Juja, yale yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima kuanzia Highpoint hadi Gate C, na yale yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila muhula ukianza. Bedsita safi. Maji ya kisima saa 24. Tokeni yako mwenyewe. WiFi, CCTV, shawa ya maji moto, dakika 5 hadi chuoni. Siku hizi wengine wanaongeza "mazingira tulivu", maneno ya mtu ambaye hajawahi kulala humo hata usiku mmoja. Nimehama mara 4 ndani ya miaka 5, kwa hivyo matangazo haya nimeyasoma mpaka nimeyakariri, na sijaona hata moja linalosema ukuta una upana gani, umejengwa kwa nini, na kama umefika juu kwenye slabu ama umeishia kwa silingi. Sisi wenyewe hatuulizi. Tunaulizia stima, tunaulizia maji, tunaulizia geti linafungwa saa ngapi. Ukuta tunauona umesimama pale, umepakwa rangi ya krimu, tunaamini ni ukuta.

Usiku wa kwanza ndio unakufungua macho. Unajua jirani anaitwa nani, anadaiwa na nani, na mpenzi wake amemwambia nini kwa simu. Unasikia swichi yake ya taa. Unasikia akigeuka kitandani. Simu yake ikitetema juu ya meza, wewe ndiye unanyoosha mkono kutafuta yako.

Nitasema jambo langu bila kuzunguka. Kelele za hizi ploti zetu ni suala la ujenzi na pesa kabla hazijawa suala la adabu. Miaka yote tumepigana na mtu wa upande ule mwingine wa ukuta, tukatumiana jumbe za matusi saa saba usiku, tukagongeana kwa mpini wa ufagio, na mtu aliyetuuzia ukuta wenyewe hajawahi kuitwa kwenye kikao hata kimoja. Kila tarehe 5 tunamtumia pesa yake, tena kwa wakati.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu na tangu hapo naishi kwa kuandika. Chumba changu ndicho ofisi yangu, jikoni yangu na mahali pa kulala. Kwa hivyo sina pa kukimbilia. Lakini msidhani hii ni hadithi ya mwandishi mdekezi anayetaka kimya ili apate maudhui. Fikiria soja wa usiku anayerudi saa moja asubuhi na kulala mchana, wakati ploti nzima inafua, inasikiliza redio na kukaanga vitunguu. Fikiria nesi wa zamu. Fikiria mwanafunzi wa uhandisi mwenye mtihani saa mbili asubuhi. Fikiria msichana aliyejifungua juzi, anayemziba mtoto mdomo kwa titi kila akianza kulia kwa sababu mtu ameshaandika kwenye kundi la wapangaji: "Kuna mtoto anatusumbua." Mtoto wa wiki 3 anaambiwa anasumbua! Hapo ndipo tumefika.

Sasa tuongee juu ya ukuta wenyewe. Kejeli ni kwamba tunaishi juu ya mawe. Mawe ya Ndarugo, yale ya kukatwa kwa mashine ambayo kila fundi Nairobi anayasifu, yanachimbwa hapa hapa upande wetu wa Juja. Malori yanayapakia na kuyapeleka kujenga nyumba za watu wengine. Yakifika kwenye ploti za kupangisha, yanatumika kwa kuta za nje, pale ambapo jengo linaonekana kutoka barabarani. Ndani, kati ya chumba changu na chako, mara nyingi unakuta jiwe jembamba ama bloku zenye uwazi katikati, zimepigwa plasta nyepesi upande mmoja na nusu. Gonga kwa kidole. Ukisikia sauti ya ngoma, umejibiwa.

Sauti hutufikia kwa njia mbili. Kuna inayosafiri hewani, kama maongezi, muziki na kilio. Kuna nyingine inayoanza kwa kugonga kitu, kama kiti kikiburutwa, kinu kikitwanga, visigino vya viatu, mlango wa chuma ukibamizwa. Ile ya hewani hushindwa na uzito. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, unapunguza sauti inayopita kwa desibeli 5 ama 6 hivi. Lakini uzito peke yake haufai kitu kama kuna tundu, kwa sababu sauti ni kama maji, inatafuta penye mwanya. Ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, hata uwe wa zege nzito namna gani, hauwezi kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 20 hivi.

Sasa tembea ndani ya bedsita yako ukihesabu matundu. Soketi yako na ya jirani zimechimbwa mgongo kwa mgongo, mahali pamoja, na katikati hakuna hata kijiko cha simiti. Juu ya mlango kuna venti ya hewa inayotazama korido, na ya jirani iko hatua 2 kutoka hapo. Mlango wenyewe ni wa flashi, plaiwudi mbili na hewa katikati. Choo kinatazama kile kishimo cha hewa kilicho katikati ya jengo, ambapo madirisha ya vyoo vyote yanakutana, na ukikohoa graundi anakusikia mtu wa ghorofa ya tano. Na kama unaishi ghorofa ya mwisho, panda kwenye meza, sukuma bodi moja ya silingi, uangalie. Kwenye majengo mengi kuta za vyumba zimeishia hapo. Juu yake ni uwazi mmoja mrefu chini ya mabati, kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Mnalipa kodi 8, mnaishi kwenye chumba kimoja kilichowekewa mapazia ya mawe.

Sauti ya kugonga nayo haihitaji tundu. Vigae vimebandikwa moja kwa moja juu ya slabu, bila kitu chochote laini chini yake, kwa hivyo kila kijiko kinachoanguka juu kinaanguka kichwani kwako. Yule mtu wa juu unayemlaani kwamba "anahamisha viti usiku" huenda ana kiti kimoja tu, na anakivuta mara moja akienda kulala.

Fanya hesabu ndogo nami. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zile zinazosimamiwa na NEMA, zinasema ndani ya nyumba ya makazi kelele zisizidi desibeli 45 mchana na 35 usiku. Na usiku wa kanuni hizo hauanzi saa nne kama lile tangazo la keateka pale kwenye geti. Unaanza saa 2 na dakika 1 usiku na kuisha saa 12 asubuhi. Basi chukua ukuta wa kwetu unaopunguza desibeli 20. Toa 20 kwa 60. Kitandani kwako zinafika 40. Yaani majirani wawili wanaoongea kwa upole kabisa, wakinywa chai saa tatu usiku, tayari wamevuka kipimo cha serikali. Hawajapaza sauti. Hawajawasha chochote. Ukuta ndio umewafanya wahalifu.

Linganisha na wenzetu. Uingereza, kanuni zao za ujenzi zinataka ukuta unaotenganisha nyumba mbili mpya upunguze angalau desibeli 45 za sauti ya hewani. Mjenzi lazima nyumba zake kadhaa zipimwe kwa mashine kabla watu hawajaingia, ama ajenge kwa muundo ambao tayari umethibitishwa. Kwa ukuta kama huo, maongezi yale yale ya desibeli 60 yangekufikia kama desibeli 15, ambazo huzisikii kabisa. Hakuna mtu huko aliyezaliwa na adabu kuliko mtu wa Gachororo. Wana ukuta, basi.

Na hapa ndipo sheria yetu ilipojikwaa. Kanuni za 2009 zinamtafuta mpiga kelele. Zinauliza nani ameipiga, saa ngapi, ameikuza kwa mtambo gani, na kama angeweza kuidhibiti bila gharama kubwa. Hayo ni maswali mazuri kwa mwenye klabu, kwa kanisa la kesha lenye spika za kuangalia barabarani, kwa yule jamaa wa wufa. Lakini sehemu kubwa ya kinachotunyima usingizi ni maisha tu. Mtu anakohoa. Mtoto analia. Mama anasukuma chapo. Watu wanapendana. Mzee anaamka mara 3 kwenda kukojoa. Utamshtaki nani? Lile swali zuri, kama kelele ingeweza kudhibitiwa bila gharama kubwa, linafaa kuulizwa kwa aliyejenga.

Maana gharama si kubwa. Kusogeza soketi zisikae mgongo kwa mgongo ni bure, ni fundi tu kuambiwa. Kupandisha ukuta hadi juu badala ya kuuacha kwa silingi ni mistari michache ya mawe. Plasta nzuri pande zote mbili, mlango mzito kidogo, raba chini ya mlango. Hakuna hata moja linalohitaji mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Yanahitaji mtu wa kuyadai kabla simiti haijakauka, kwa sababu baada ya hapo ni kubomoa.

Hayafanywi kwa sababu jengo la Juja huhesabiwa kwa milango. Kipande cha futi 50 kwa 100 kinapewa mchoraji na swali moja: hapa zitaingia ngapi? Kila inchi iliyokatwa kwa ukuta wa ndani ni inchi iliyoenda kwa chumba kingine, na chumba kingine ni kodi nyingine. Ukimya wako ndio uliojenga ule mlango wa tisa kwenye korido.

Haya hayakutokea kwa bahati mbaya wala si jambo la mila. Ardhi hii ilikuwa na kimya kingi, shida ni kwamba kilikuwa cha mtu mmoja. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda, alikaribishwa Juja Farm, shamba la tajiri Mmarekani William Northrup McMillan, na kutoka hapo alikuwa akienda kuwinda viboko. Mwaka 1981 kikaanzishwa chuo cha kilimo na teknolojia kwa msaada wa Japani, na 1994 kikawa chuo kikuu kamili, JKUAT. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika 2012, mtu angeweza kufanya kazi Nairobi na kulala huku. Sensa ya 2019 ikahesabu watu zaidi ya 300,000 katika Juja peke yake. Hosteli za chuo hazitoshi, nyumba za serikali hakuna za kuongelea, kwa hivyo mzigo wote wa kutulaza ukaachiwa mwenye kipande na fundi wake. Wakajenga mbio. Wakajenga walivyotaka. Nasi tukaingia rangi haijakauka, tukishukuru kwamba maji yapo.

Najua mtakayosema. Nimeyasikia yote, mengine kupitia ukutani.

La kwanza ni "kama huwezi kelele, hama." Hama uende wapi? Nyumba ya jirani imejengwa na fundi yule yule kwa ramani ile ile. Kuhama kunakula dipoziti, kunakula pesa ya pikapu, na lendilodi wa zamani atapata sababu ya kukata dipoziti yako kwa misumari 2 ya pazia. Anayesema "hama" anamaanisha uende ukanunue kimya mahali kinapouzwa, yaani kwenye zile mitaa zenye uzio na miti, ambako tangazo likisema mazingira tulivu linasema kweli. Kimya kimekuwa bidhaa ya daraja fulani la watu. Sisi wengine tunakinunua rejareja, iyafoni baada ya iyafoni. Tunalala na muziki masikioni ili tusisikie muziki. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndio mwisho wa usalama wa masikio. Piga hesabu ya saa zako, ukianza na zile unazolala.

La pili ni zito zaidi: "Buda, majengo yanaanguka, wewe unalia juu ya kelele?" Ni kweli yanaanguka. Huruma, Aprili 2016, jengo la ghorofa 6 lilianguka usiku wa mvua na takriban watu 50 wakafa. Sitawahi kulinganisha usingizi wangu na maisha yao. Ila naomba uangalie chanzo. Mkono unaopunguza simiti kwenye nguzo ndio mkono unaopunguza jiwe kwenye ukuta wa ndani. Mkaguzi asiyefika kuangalia nguzo hawezi kufika kuangalia silingi. Ukuta mwembamba unaosikika ni ripoti ya ukaguzi ambayo unasomewa bure kila usiku: inakwambia jengo hili lilijengwa na mtu aliyekuwa akitafuta pa kupunguza. Kama alipunguza hapa unaposikia, uliza alipunguza wapi pengine.

La tatu linanikera kuliko yote: "Sisi Waafrika ni watu wa kelele, tunaishi pamoja, kimya ni mambo ya wazungu." Ati? Nenda Lamu uangalie nyumba za mawe za Mji wa Kale. Kuta za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita. Nje kuna baraza, mahali pa gumzo, kahawa na utani. Ukiingia unapita daka, kisha ua, kisha vyumba vinavyofuatana, na kila unavyozidi kuingia sauti ya mtaa inazidi kupotea, hadi ufike ndani kabisa kwenye faragha ya familia. Hao ni Waswahili waliopanga sauti ndani ya nyumba karne nyingi kabla mtu yeyote hajasikia neno desibeli. Walijua mahali pa kelele na mahali pa kimya, na wakavijenga vyote viwili. Kweli zilikuwa nyumba za matajiri, na hilo linathibitisha hoja yangu. Penye uwezo, watu wetu walinunua ukuta mnene. Hata nyumba ya udongo ya nyanya yako ina ukuta mzito kuliko huu wangu. Tulichokosa ni uwezo wa kudai.

Kuna jambo lingine, na ndilo lililonifanya niandike.

Ungedhani watu wanaosikiana hivi wangekuwa ndugu. Afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, si ndivyo tulivyofunzwa? Lakini masikio yakichoka hujifunza kufunga. Kwenye ploti niliyoishi kabla ya hii, jioni moja mwanamke wa ghorofa yetu alianza kupiga mayowe. Si mayowe ya mechi. Kuta zile zilipitisha kila neno, kila kofi, hadi sauti ya sufuria ikigonga sakafu. Kisha nikasikia kitu ambacho hakijanitoka: mlango baada ya mlango, redio zikaanza kupanda sauti. Hapakuwa na njama. Kila mtu alifanya kile anachofanya kila usiku jirani akizidi. Mama anayeuza mboga chini ndiye aliyepanda ngazi na kandambili zake, akaupiga ule mlango kwa mwiko akiita, "Baba nanii, fungua! Fungua tuongee!" Tulipoisikia sauti yake kwenye korido ndipo milango ikafunguka, tukatoka, tukasimama nyuma yake. Mwanamke alitoka, akashuka ngazi na mama wa mboga, akalala kwake.

Hebu fikiria. Watu wote hao wenye masikio mazuri, na aliyefika wa kwanza ni mama aliyekuwa mbali zaidi, aliyekuwa nje barabarani ambako mayowe bado ni mayowe. Ndani tulikuwa tumefunzwa kwamba kinachopita ukutani hakituhusu, ni kelele, na dawa ya kelele ni kuongeza yako. Januari 2024 wanawake wa nchi hii waliandamana kupinga kuuawa kwao, na wengi wanaouawa huuawa ndani ya nyumba. Namba 1195 ya kuripoti dhuluma za kijinsia ni ya bure. Iandike kwenye ukuta wako, angalau ukuta huo ufanye kazi moja. Lakini namba haitapigwa na mtu ambaye kila usiku anajizoeza kutosikia. Hii ndiyo kodi kubwa ambayo nyumba mbovu inatutoza, na haiko kwenye risiti. Nyumba yenye kuta za kweli haimfanyi mtu kiziwi. Ukilala kwenye kimya, sauti moja ya "nisaidieni" inakuamsha.

Na yule jamaa wa wufa? Simwachilii. Ukiweka wufa sakafuni, imeegemea ukuta, saa sita usiku katikati ya wiki, wewe ni msumbufu na sheria ya 2009 inakujua. Iinue. Iweke juu ya kipande cha godoro, iondoe ukutani. Viti vyako vivishe viatu: mpira wa tyubu kuukuu kutoka kwa fundi wa baiskeli, ukate vipande 4, ufunge. Mlango wa chuma ufunge kwa mkono, usiuachie upepo. Hayo ni ya kwetu na tuyafanye leo. Ila tusidanganyane kwamba mpira wa tyubu utajaza mahali pa mawe yaliyoibwa.

Ya lendilodi nayo yadaiwe kwa lendilodi. Barua moja kutoka kwa ghorofa nzima, iliyotiwa sahihi na yule unayemchukia pia, inayosema: pandisha kuta zifike juu, ziba hizi soketi, badilisha hii milango. Mpangaji mmoja akilalamika anaambiwa ahame. Wapangaji 30 wakilalamika, hiyo ni kodi ya mwezi mzima imesimama mlangoni. Katiba inatupa zaidi ya tunavyoitumia. Ibara ya 42 inataja mazingira safi na yenye afya, ya 43 inataja makao ya kufaa, na ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani juu ya mazingira bila kuthibitisha kwanza kwamba umepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina kituo Thika, nauli ya matatu tu. Sheria ya zamani ya kodi za nyumba nayo, ile inayoweza kumpeleka lendilodi mbele ya baraza la kodi, inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe bedsita ya 2,500 Juja nihamie kesho. Sheria imebaki mahali ilipoachwa na kodi imepanda matatu ikaenda.

Kaunti ya Kiambu nayo iulizwe swali lake, kwa sababu yeye ndiye anayepitisha ramani na kutoa cheti cha watu kuingia. Kanuni mpya za kitaifa za ujenzi za 2024 zilianza kutumika Machi 2025, zikachukua nafasi ya zile za 1968. Huu ndio wakati. Kabla cheti hakijatolewa, mtu aingie chumba kimoja na spika, mwingine akae chumba cha pili na kipimo, na namba iandikwe kwenye cheti. Dakika 10. Mkaguzi anayeweza kupima upana wa ngazi anaweza kupima ukuta.

Mtasema kodi itapanda. Inapanda kila Januari bila ukuta kuongezwa hata inchi moja, kwa hivyo tusitishane na hilo.

Kwa sasa, kabla kaunti haijaamka, jilinde. Ukienda kuangalia keja, usiende mchana wa Jumanne wakati ploti yote iko kazini. Nenda Jumamosi saa tatu usiku. Gonga kuta zote 4. Angalia soketi. Sukuma silingi, keateka akikuuliza unatafuta nini mwambie ukweli. Na ubebe rafiki. Muombe asimame kwenye chumba cha pili, mlango umefungwa, aseme jina lako mara moja kwa sauti ya kawaida. Ukiitika, usitoe dipoziti.